Mtamba ana tezi chini ya sikio na homa 40.8: OTC itatosha?

mfugaji_rungwe: Wakuu, mtamba chotara, kama kilo 200. Tangu jana anasusa majani, joto ni 40.8, tezi ya chini ya sikio la kushoto imevimba kama yai. Kupe wa masikio wapo. Hajaanza kukohoa. Duka la dawa wananiuzia OTC 20% (oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki). Itatosha?

DaktariMifugo: Pole ndugu. Hiyo ni dalili ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na vijidudu vya kupe, na OTC haitaiponya. Oksitetrasaiklini huzuia vijidudu hivi pale tu inapochomwa wakati ule ule maambukizi yanapoingia. Homa ikishapanda imechelewa. Tafuta buparvakwoni, dawa inayoua vijidudu hivyo, leo hii. Ya miligramu 50 kwa mililita huchomwa ml 1 kwa kila kilo 20, kwa hiyo wako ni ml 10, kwenye msuli wa shingo. Usizidishe ml 10 sehemu moja. Pima uzito kwa utepe wa kupimia uzito wa ng'ombe; kukadiria kwa macho ndiko kunakosababisha dozi pungufu, homa ikashuka kisha ikarudi. Baada ya saa 48 pima joto tena. Likiwa bado juu, rudia dozi hiyo hiyo.

Kabla ya sindano, mwite afisa mifugo avute majimaji ya tezi kwa sindano, apake kwenye kioo kwa ajili ya darubini. Ila usisubiri majibu ya siku tatu.

kupe_adui: Naongezea: mkojo ukiwa mwekundu, fikiria babesia, ugonjwa mwingine wa kupe. Akiwa na kinyesi kikavu na ufizi mweupe au wa manjano, hiyo ni ndigana baridi (anaplasma, nao ni wa kupe), na hapo ndipo OTC ina kazi. Magonjwa haya huweza kumpata ng'ombe mmoja kwa pamoja.

mfugaji_rungwe: Asante daktari. Akianza kuhema?

DaktariMifugo: Hapo hali ni mbaya. Maji yamejaa mapafuni, na povu puani ni hatua ya mwisho. Buparvakwoni huua vijidudu, haikaushi mapafu; daktari aje na dawa ya kutoa maji. Usimtembeze kwenda josho, usimnyweshe kwa chupa. Mweke kivulini, maji karibu.

Ndama wengine wachanjwe dhidi ya ndigana kali wakiwa wazima, mara moja tu maishani. Mrija mmoja wa chanjo hutosha ng'ombe 40 hivi, na ukishayeyushwa haugandishwi tena, kwa hiyo kusanyeni majirani siku moja. Wakishachanjwa endelea kuogesha kwa dawa ya kupe: chanjo haizuii babesia wala ndigana baridi.