Albamu gani mnatamani itoke kwa sauti ya kuzunguka? Mimi naanza na Songs for the Poor Man ya Remmy

Spika Tano:
Wakuu salaam. Juzi nilikuwa kwa jamaa yangu Tabata, kafunga risiva ya 5.1, spika tatu mbele, mbili nyuma na sabufa pembeni ya kabati, akaniwekea Brothers in Arms ya Dire Straits, ile ya 5.1 iliyotoka 2005 ikachukua na Grammy. Hiyo albamu naijua tangu enzi za kaseti, lakini siku hiyo nilikaa kwenye kochi nikanyamaza kabisa, vitu vilivyokuwa vimebanana miaka yote kila kimoja kikapata kiti chake.

Sasa narudi zangu na daladala nawaza kitu kimoja tu, kwa nini Remmy Ongala, mkongwe wetu wa dansi, hana hii? Songs for the Poor Man ya 1989, ile aliyoenda kurekodi na Super Matimila kule Real World, studio ya mwanamuziki Peter Gabriel Uingereza. Chukueni Nasikitika mkaisikilize taratibu. Magitaa matatu, moja linauliza jingine linajibu la tatu linajaza mashimo, chini yake besi inatembea, halafu Remmy anaingia na ile sauti ya mtu aliyeshaona mengi. Kwa spika mbili inabidi masikio yafanye kibarua kuyatenganisha magitaa. Ukiyapanga kuzunguka chumba nahisi hata asiyejua gitaa ataelewa wale watu walikuwa wanafanya nini.

Swali langu ni hili, nyie mngechagua albamu gani, na je inawezekana kweli? Maana risiva ina kitufe cha kutawanya sauti spika zote, nimekijaribu kwa Remmy sijaridhika, sauti inatoka kila kona lakini imekuwa kama uji.

Fundi Mitambo:
Mkuu hicho kitufe kiache. Kinachofanya ni kuchukua stirio yako ya njia mbili na kubahatisha nini kipelekwe nyuma, hakijui gitaa ni lipi na tumba ni ipi. 5.1 ya kweli au Dolby Atmos, ile ya kuzunguka inayoongeza na sauti za juu, inaanzia kwenye mkanda mama, ule ambao kila chombo kina njia yake, solo peke yake, ridhim peke yake, besi, sauti, kila ngoma. Fundi anarudi kwenye mkanda huo anamiksi upya kuanzia sifuri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa albamu yoyote ni mkanda mama upo au haupo.

Na hapo umechagua vizuri sana kuliko unavyodhani. Real World kanda zao wanazitunza. Mwaka 2024 walitoa albamu ya Nusrat Fateh Ali Khan inaitwa Chain of Light, ilirekodiwa pale pale 1990 ikakaa ghalani zaidi ya miaka 30 mpaka walipoikuta. Kazi ya 1990 imetoka salama, sasa ya Remmy ya 1989 iliyouzwa dunia nzima ishindikane kwa nini? Halafu Gabriel mwenyewe ni mtu wa mambo haya. Albamu yake i/o ya 2023 ameitoa kwa miksi tatu, na moja wameiita In-Side Mix, hiyo ni Atmos tupu. Ujuzi wanao. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba huku kwetu kuna watu wanaitaka.

Mdau wa Ngara:
Niko Nairobi hapa, naunga mkono lakini mimi ningeanza kabla kidogo ya hiyo, Agwaya ya Orchestra Makassy. Hiyo ilirekodiwa hapa hapa Nairobi ikatoka na Virgin 1982. Wengi husahau kwamba Remmy aliitwa kutoka Congo kuja Dar 1978 na mjomba wake Mzee Makassy, kwa hivyo ukitaka kujua Super Matimila ilitoka wapi lazima upite kwa Makassy kwanza. Mambo Bado ndani ya hiyo albamu, vile wimbo unafika mahali unabadilika watu wanaanza kucheza, manze hapo ndipo ningetaka nikae katikati, waimbaji mbele yangu, gitaa moja kulia moja kushoto, na ngoma za mkono zikilia nyuma. Virgin ilikuwa kampuni kubwa, najipa moyo kwamba mkanda uko kabatini mahali.

Pia ile Malako ya Samba Mapangala na Virunga. Hiyo sitaeleza, anayeijua anajua.

Binti Vuga:
Jamani nyote mmekimbilia magitaa, taarab mmeiacha nje ya mlango! Mimi nimelelewa mitaa ya Vuga, Zanzibar, jioni ukipita karibu na Culture Musical Club unawasikia wakifanya mazoezi. Ukikaa ndani ya firqa, yaani kundi zima la wapigaji, fidla ziko upande mmoja zimejipanga, kanuni iko karibu na wewe unasikia hadi kucha zikigusa nyuzi, kodiani inavuta pumzi, udi, nai, dufu, besi kubwa unaisikia kifuani, na waitikiaji wanakupokea kwa pamoja. Sasa hiyo uje uibane ndani ya simu yenye spika moja ya chini, wallahi ni dhulma.

Yangu mimi ni Spices of Zanzibar yao Culture, na ile ya Ikhwani Safaa inayofungua mfululizo wa Zanzibara, iliyotoka 2005 kusherehekea miaka 100 ya kikundi, maana wao walianza 1905. Na nyuma yangu nisiwekewe chombo, niwekewe watu. Taarab bila watu haijakamilika, mwanamama anainuka na pesa mkononi anakwenda kumtunza mwimbaji, huku vigelegele. Mkinirekodia onyesho zima la namna hiyo kwa Atmos mimi nitauza hata kabati ninunue spika.

Mzee wa DDC:
Vijana nimewasoma. Mimi nilikuwa ukumbi wa DDC Kariakoo bendi ya Sikinde ikipiga, na nataka niwaulize, gitaa lilitoka lini nyuma yangu? Bendi iko jukwaani, mimi niko chini nacheza, muziki wote unanijia usoni. Nyuma yangu kulikuwa na mabenchi na mtu anayeuza karanga. Nyimbo tulizozipenda, Neema na nyinginezo, zilirekodiwa pale Radio Tanzania bendi nzima ikipiga kwa mkupuo mmoja, akikosea mmoja mnarudia wote. Ule msukumo wa watu kupiga pamoja ndio muziki wenyewe. Mkianza kumtoa mpiga solo hapa na saksafoni kule mtakuwa mmeivunja bendi.

Spika Tano:
Shikamoo mzee. Nimekusoma mara mbili na hoja yako naiheshimu kabisa. Lakini mimi DDC ya wakati huo sikuwahi kuingia, nilizaliwa nimechelewa. Ninachokijua ni redio ya mama jikoni yenye spika moja, na Neema niliipendea hapo hapo. Wewe ukiisikiliza ile mono, sauti ya njia moja, unajazia ukumbi mwenyewe kichwani kwa sababu ulikuwepo, mimi sina cha kujazia. Ndio maana natamani spika zinisaidie. Sio lazima gitaa liwe nyuma, hata ukumbi wenyewe ukiwa nyuma, mwangwi wake, watu wake, mimi inanitosha.

Fundi Mitambo:
Mzee wa DDC shikamoo ya kijana usiikatae, kasema vizuri. Na kiufundi nyote wawili mko sawa. Miksi nzuri ya kuzunguka haimrushi mtu ovyo. Ningepewa mimi mkanda wa Remmy, sauti yake na besi na dramu ningeviacha mbele, gitaa la kwanza kushoto la pili kulia, la tatu nalisogeza ubavuni kidogo tu, nyuma namwachia mwitikio na hewa ya chumba. Ukifumba macho uko mstari wa kwanza.

Kuhusu kanda za Radio Tanzania niseme ukweli hata kama unauma. Nyingi ni mono, vyombo vyote vimemwagwa njia moja, hakuna mkanda mama wa kurudia. Siku hizi kuna programu za kuchambua sauti zilizochanganyika, Revolver ya Beatles ya 2022 ilimiksiwa upya hivyo kwa programu iliyotengenezwa na timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson, ila wale angalau walikuwa na mkanda wa njia nne. Nimewahi kujaribu programu ya kawaida kwenye wimbo mmoja wa dansi wa mono, dramu ikatoka safi, besi ikatoka, lakini magitaa mawili yanayopiga juu juu yaligoma kuachana, saksafoni ikawa kama inapigwa ndani ya ndoo ya maji. Nikafuta. Kwa Neema mimi nasema isafishwe tu ibaki mono yake, kwa spika moja nzuri.

Mzee wa DDC:
Hapo kwenye mono tumeelewana. Na wewe Spika Tano marahaba. Hiyo ya mstari wa kwanza kwa Remmy, ikitoka nitakuja kuisikiliza huko Tabata.

Spika Tano:
Karibu sana mzee, kochi lipo na jamaa yangu hana neno. Leo usiku naandika barua pepe kwa Real World, nawaomba Songs for the Poor Man na Mambo ya 1992 zote mbili. Binti Vuga niandikie majina kamili ya zile albamu zako na kampuni zilizozitoa, nao tuwaandikie. Mdau wa Ngara wewe shughulika na Agwaya.