Civics form three: mnafanyaje mpaka wanafunzi waongee?

MwalimuChaki: Wakuu, poleni na mihangaiko. Nafundisha Civics form three shule ya kata huku kijijini. Ukiwauliza ngazi za serikali za mitaa wanatiririka vizuri tu, ila juzi nikawauliza mkutano mkuu wa kijiji chao ulikaa lini mara ya mwisho na waliongea nini, darasa kimyaaa. Uchaguzi wa vijiji wa 2029 hawa wote wapiga kura. Sasa nifanyeje waguswe na haya mambo bila mkuu wa shule kuona naleta siasa?

Kidawa_T: Mwalimu ruhusu Kiswahili kwanza. Mtihani Kiingereza sawa, ila mdahalo ukiuendesha Kiingereza utaongea wewe na wale wawili wa dawati la mbele. Mi wangu walikuwa mabubu, nilipowapa Katiba ya 1977 ya Kiswahili wasome ibara ya 18 (uhuru wa maoni) na ya 21 (haki ya kushiriki shughuli za umma) wakabishana mpaka kengele inagonga hawataki kutoka

NyundoYaFundi: Katiba iko mbali, anza na kijiji. Sheria inataka mkutano mkuu ukae kila miezi mitatu na kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu ni mjumbe, hiyo haina chama. Watume ofisi ya kijiji wakaangalie kama mapato na matumizi yamebandikwa, hayapo waandike barua ya adabu kwa mtendaji, nakala kwa mkuu wako wa shule ili asije akasema hakujua

mama_wawili: Nyundo hapo kwenye barua taratibu, kijiji kidogo, mtendaji atauliza huyu mtoto wa nani halafu anayesumbuliwa ni mzazi. Anzia shuleni. Viranja wanateuliwa na walimu ofisini halafu saa nne mnaingia darasani kufundisha demokrasia, watoto wanawaona tu. Waacheni wagombee, wahesabu kura wenyewe, na baraza lao lipewe kitu cha kweli cha kuamua. La shule niliyosoma lilihoji mbona maharage yana wadudu, mwalimu wa stoo alinuna muhula mzima ila maharage yalibadilishwa

NyundoYaFundi: @mama_wawili sawa kwa viranja, ila wasipozoea kuuliza ofisi ya kijiji sasa hivi wataanza lini?

MwalimuChaki: Asanteni sana. Naanza na viranja, wanabadilishwa mwezi ujao. Barua nayo sijaitupa, baba wa mwanafunzi wangu mmoja ndo mwenyekiti wa kijiji, ngoja nikamuulize kwanza yeye angejibu nini 😂