Je, nichague rangi ya ngozi kwenye emoji, au niiache ya njano?

Mkono wa Kahawia
Ndugu wanajukwaa, nimo katika kundi la mawasiliano la kazini lenye watu wa rangi na asili mbalimbali. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikituma dole gumba la kahawia iliyokoza, kwa kuwa ndiyo rangi yangu. Juzi mwenzetu mmoja aliniuliza, mbele ya wote, kwa nini ninaleta mambo ya rangi wakati tunakubaliana tu kuhusu tarehe ya kikao. Sikumjibu, lakini neno lake limenikaa moyoni. Je, nimekosea?

Mpiga Chapa
Hujakosea hata kidogo. Rangi hizo ziliingizwa na Unicode, shirika linaloweka viwango vya herufi na emoji kwenye simu na kompyuta, mwaka 2015, zikiwa tano, kwa kufuata kipimo ambacho daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick alikibuni mwaka 1975 ili kukadiria jinsi ngozi inavyoathiriwa na miale ya jua (kipimo chenyewe kina aina sita, ila mbili za kwanza, zilizo nyeupe zaidi, ziliunganishwa). Kabla ya hapo, simu za baadhi ya makampuni zilichora mikono na nyuso za watu kwa weupe, na aliyezituma hakuulizwa kwa nini ameleta rangi.

Wa Pande Mbili
Mimi hutumia njano kwa makusudi. Wazazi wangu ni wa asili mbili tofauti, na tangu utotoni nimekuwa nikitakiwa nichague upande, hata na watu wanaonipenda; njano huniacha nipumzike. Mwaka 2019 zilipoongezwa emoji za watu wawili walioshikana mikono, kila mmoja akiwa na rangi yake, niliwatumia wazazi wangu mara tu nilipoziona kwenye simu yangu. Nisichokikubali ni mtu kuichukua njano ninayopumzikia mimi na kuwalazimisha nayo wengine, kama alivyofanya mwenzako.

Mkono wa Kahawia
Nawashukuru nyote. Nitamfuata mwenzangu faraghani nimuulize ni nini hasa kilichomkera, maana huenda naye ana lake ambalo sikulisikia. Dole langu litabaki la kahawia. Nawe, Wa Pande Mbili, naomba uniwie radhi, kwani hadi leo nilidhani kwamba wanaoiacha njano wanajificha.