Kesi za Katumbi: haki, au adhabu ya kukosana na mkubwa?

Wakuu, naleta mada, mnirekebishe nikikosea.

Wengi wetu Tanzania tunamjua Moïse Katumbi kwa mpira. Bosi wa TP Mazembe, timu ya Lubumbashi iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu 2010 ikachapwa 3-0 na Inter, na iliyobeba ubingwa wa Afrika 2015 Samatta akiwa kwenye ubora wake. Kwao Kongo habari yake ni ndefu kuliko mpira.

Alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, kwa tiketi ya PPRD, chama cha Joseph Kabila, rais wa Kongo wakati huo. Miaka yote hiyo alikuwa pia tajiri wa migodi: MCK, kampuni aliyoianzisha na kuiuza 2015, ilikuwa ikifanya kazi za uchimbaji kwenye mkoa huohuo aliokuwa anautawala. Hakuna mwendesha mashtaka aliyemsumbua.

Desemba 2014 akasimama mbele ya watu Lubumbashi akatumia lugha ya mpira. Refa akikupa penalti mbili za uongo umevumilia, ya tatu je? Kila aliyekuwepo alijua refa ni nani na penalti ya tatu ni muhula upi: muhula wa tatu wa Kabila. Septemba 2015 akajiuzulu, akakihama chama. Tarehe 4 Mei 2016 akatangaza kugombea urais, na siku hiyohiyo waziri wa sheria akatangaza uchunguzi kwamba ameajiri mamluki. Tarehe 20 akaondoka kwenda kutibiwa Afrika Kusini. Juni, akiwa huko nje, akahukumiwa miaka 3 kwa mgogoro wa nyumba moja ya Lubumbashi. Nyumba, wakuu! Halafu jaji aliyeongoza kesi hiyo akaandika kwamba alilazimishwa.

Msimamo wangu: ile kesi ilikuwa rungu. Ila anayesema "Katumbi alionewa" akaishia hapo, hajamaliza hesabu. Karibuni.

*

Mleta mada, unamhukumu kwa utajiri wake. Gavana huyuhuyu alipiga vita madini ghafi kutoka mkoani bila kuchakatwa. Agosti 2018 alifika Kasumbalesa akitokea Zambia, anataka kuingia nchini kwake awahi kuchukua fomu. Alizuiwa mpakani, wafuasi wake wakapigwa mabomu ya machozi upande wa pili. Mtu mwenye hatia anakimbia nchi, hapigani kuingia.

*

Mkuu, kujitokeza mpakani si ushahidi wa usafi, ni ushahidi wa ujasiri. Hata mimi ningejitokeza nikiwa na ndege na wanasheria wa Ulaya. Na mbona suala la uraia mnaliruka? Katiba ya Kongo inasema uraia wao ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Yeye aliwahi kuwa na wa Italia. Angekuwa mwananchi wa kawaida angeulizwa mlango wa kwanza tu.

*

Mleta mada tena. Ndugu wa uraia, hoja yako ina mashiko, lakini tazama lini inaletwa mezani. Alipokuwa gavana, kimya. Aprili 2019, Tshisekedi akiwa Ikulu na Kabila ameondoka, hukumu ya nyumba ikafutwa, na Mei akarudi Lubumbashi kwa mapokezi makubwa. Alipokuwa ndani ya muungano wa Tshisekedi, hakuna aliyemshika. Desemba 2022 akajitoa na kutangaza kugombea. Mei 2023 mshauri wake wa karibu, Salomon Kalonda, akakamatwa uwanja wa ndege Kinshasa. Suala la uraia likapelekwa Mahakama ya Katiba, nayo ikamruhusu kugombea. Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2023: Tshisekedi asilimia 73, yeye 18.

Kwa hiyo faili linafuata uhusiano. Ukiwa rafiki linalala, ukinuna linaamka. Hapo ndipo ninapowaudhi mashabiki wake: yeye mwenyewe alinufaika na usingizi huo miaka 8. Swali la kweli lilikuwa moja, gavana anawezaje kuwa na kampuni inayopata kazi kwenye migodi ya mkoa wake? Halikuulizwa. Sisemi aliiba, sina ushahidi huo na sitausingizia. Nasema hilo ndilo lingestahili jaji, na wao wakaenda kuokota nyumba.

*

Unajua kwa nini hawakuuliza? Wangeanza na yeye wangemalizia na nani? Mabwana wakubwa wa migodi Kongo ni haohao wa meza moja. Ukivuta uzi wa Katumbi unakuta shati la mtu mwingine linafumuka.

*

Hapo umenena. Lakini basi tufanyeje na mfanyabiashara anayetaka kura? Auze kila kitu kwanza? MCK aliiuza mwaka uleule alioukimbia ugavana, na bado hawakumwacha.

*

Mleta mada: aliuza akitoka, mkuu. Mimi nauliza angeuza akiingia, 2007, wangebaki na nini cha kumshikia zaidi ya ile nyumba?