Ushauri: Nilipinga watoto kufundishwa habari za balehe, sasa nimekwama

Baba wa Mbagala (mwanzisha uzi)
Ndugu zangu, katika kikao cha wazazi cha mwezi uliopita tuliulizwa kama tunaridhia muuguzi azungumze na watoto wa darasa la sita kuhusu balehe, mimba na namna ya kujilinda, nami nilikuwa wa kwanza kusimama kupinga, kwa kuwa niliamini kwamba mazungumzo hayo huamsha yaliyolala. Wiki mbili baadaye binti yangu wa miaka 12, ambaye namlea peke yangu tangu mama yake afariki, alivunja ungo, akanificha siku tatu akidhani ameugua. Niligundua nilipomkuta akifua sare usiku. Jumamosi tunapiga kura. Niseme nini kikaoni, na nyumbani nianzie wapi?

Bibi wa Temeke
Pole, mwanangu. Kwanza mhakikishie kwamba haumwi na wala hajakosea, kisha mnunulie pedi wewe mwenyewe, ajue kwamba baba yake haoni aibu. Sisi Wazaramo mwali alikuwa na kungwi wake, na hakuna aliyedai kwamba kungwi anaharibu maadili. Baadhi ya mafunzo ya unyago yalimwandaa binti kwa mume mapema mno, na hayo simtakii mjukuu wangu; lakini kumwacha bila mtu wa kumuuliza ni kumtupa.

Mwalimu wa sekondari, Ilala
Sisi tunafundisha uzazi katika Baiolojia, ila wengi hutufikia wakiwa wamekwisha kufundishwa na simu na wenzao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu waliokatiza masomo kwa sababu hiyo warudi shuleni, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, lakini ruhusa hiyo humfikia binti baada ya madhara. Na wavulana wasitolewe darasani.

Mama wa Kigamboni
Mimi bado napinga, wala si kwa ujinga. Sijaonyeshwa kitakachosemwa, na siwezi kutia saini jambo nisilolisoma. Mtoto wa miaka 12 afundishwe mwili wake, kukataa kushikwa, na kwamba akiguswa aseme au apige namba 116, simu ya msaada kwa watoto. Mengine yasubiri umri wake.

Baba wa Mbagala
Nawashukuru. Mama wa Kigamboni, hoja yako nitaibeba: nitaomba muuguzi atusomee mada zote sisi wazazi kabla ya watoto, kisha nitaunga mkono, na nitaeleza wazi kwa nini nimebadili kauli, bila kumtaja binti yangu. Pedi nimenunua. Shangazi yake anakuja kesho jioni kutoka Kimara, na binti mwenyewe ameomba nami niwepo.