Naomba ushauri: kulinganisha biashara ya plaiwudi na MDF, Kenya na Tanzania

Wakuu, habari za jioni. Naandika tasnifu kuhusu biashara ya plaiwudi, chipubodi na MDF (bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya Kenya na Tanzania, 2000 hadi 2023. Nimeuza dukani kwa mjomba miaka minne, mzigo wa Mafinga, mji wa viwanda vya mbao Tanzania, naujua hata kwa harufu ya gundi, ila kwenye takwimu nimekwama.

Dukani tunahesabu shiti, FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) wanahesabu mita za ujazo, forodha dola na kilo. Shiti ya futi 8 kwa 4, milimita 18, ni kama mita za ujazo 0.054, yaani shiti 19 hivi kwa mita moja ya ujazo. Lakini ukiwa na dola tu, utajuaje ni za milimita 18 au za 3?

Linaloniumiza kichwa zaidi ni namba za forodha, zile za kimataifa zinazotambulisha kila aina ya bidhaa. MDF iko chini ya 4411, na mwaka 2007 vifungu vyake vilipangwa upya kwa unene. Nikichora mstari mmoja tangu 2000, nahofia mruko utakaoonekana pale ni wa makaratasi, si wa soko. Niishie tarakimu nne za mwanzo, bila vifungu? Na vinia (karatasi nyembamba za mbao), 4408, niiweke au niiache?

Halafu Kenya ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018. Nataka kuona kama Mafinga ilinufaika. Nishike mauzo yaliyoandikwa Tanzania, au manunuzi yaliyoandikwa Kenya? Msimamizi wangu kasema "chagua moja", basi.

Aliyewahi kupita njia hii anishike mkono. Natumia Excel tu.