Daktari akikaa Newala au Liwale miaka 7, Bodi ya Mikopo imfutie deni?

Mtoa mada (daktari, wilaya ya Newala)

Wakuu, salaam. Nina hoja, nipondeni lakini msinitukane.

Udaktari ni miaka 5 chuoni na mwaka 1 wa utarajali, kisha unasubiri ajira. Ukipangiwa kazi unaanza kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwenda Bodi ya Mikopo, kulipa mkopo wa chuo. Zamani ilikuwa 8, ikapandishwa mwaka 2016. Mwenzako aliyesoma miaka 3 naye anakatwa 15 hiyo hiyo, ila yeye anamaliza mapema, maana deni lake lilikuwa dogo. Wewe unaendelea kukatwa mpaka watoto wanaanza sekondari.

Hoja yangu ni hii: daktari anayekubali kukaa wilaya za Mtwara na Lindi kama Newala, Tandahimba, Nanyumbu au Liwale, makato ya Bodi yasimame tangu mwezi wa kwanza. Akitimiza miaka 7 hapo wilayani, deni lifutwe. Akiondoka kabla, lirudi lote. Serikali haitoi hata senti mfukoni, inaacha tu kudai. Na wananchi wanapata daktari anayewajua, badala ya kila mwaka kuanza upya na sura ngeni inayouliza kituo cha afya kiko njia gani.

Mnisaidie, kasoro iko wapi?

Afisa mikopo, Masasi

Daktari, kasoro ipo na mimi ndiye ninayeishi nayo, kwa sababu mimi ni wa benki na wewe ndiye mteja wangu.

Tuchukue mfano wa mshahara wa msingi wa 1,500,000. Sisemi ndio wako, ni wa hesabu tu. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5 ni 75,000. Bima ya Afya asilimia 3 ni 45,000. Kodi ya mapato, baada ya kutoa mchango wa pensheni, inakuja 255,500. Bodi asilimia 15 ni 225,000. Umebaki na 899,500, na chama cha wafanyakazi sijakiweka.

Sasa sheria inataka ubaki na theluthi moja ya mshahara wa msingi, yaani 500,000. Maana yake benki inaweza kuchukua mpaka 399,500 kila mwezi, na inachukua. Vijana wengi wakishathibitishwa kazini tu, jambo la kwanza ni kuulizia mkopo wa muda mrefu kuliko wote uliopo. Wanasaini fomu wamesimama.

Haya, ondoa makato ya Bodi kama unavyotaka. Ile nafasi ya 399,500 inakuwa 624,500. Unadhani hiyo 225,000 itakaa mfukoni mwako? Itakuja kwangu. Nitakuongezea mkopo siku hiyo hiyo. Serikali itakuwa imesamehe deni la Bodi ili benki ipate riba.

Na kuna jambo moja madaktari hawaliangalii. Ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10. Deni la Bodi leo halikui. La kwangu linakua. Mtu analilia deni lisilokua, halafu anakuja kwangu na tabasamu.

Mtoa mada

Mkuu, hesabu zako sizipingi. Lakini mkopo huo wa benki nauchukua nijenge. Nikijenga hapa, si ndio nimekaa? Hakuna mkataba unaomfunga mtu kama nyumba.

Muuguzi, Nachingwea

Daktari usitufanye watoto. Nyumba unajenga wapi? Huku mnanunua kiwanja, mnaweka mawe ya msingi, nyumba yenyewe inapanda Chanika au Kigamboni. Naandika haya nikiwa zamu ya usiku na nacheka peke yangu.

Mstaafu, Lindi mjini

Wanangu, niingie kidogo kwenye hilo la viwanja. Mwaka 2012, 2013, gesi ilipokuwa habari ya kila baraza kuanzia Mtwara mpaka huku kwetu, watumishi walikopa wakanunua viwanja. Kila mmoja ana gesti kichwani. Baadaye wakasema mtambo mkubwa wa gesi unakuja Likong'o, hapa Lindi, viwanja vikapanda tena. Makato ya mshahara yalianza mwezi uliofuata, wapangaji tunawasubiri mpaka leo. Wapo madaktari humo, nawafahamu, siwataji.

Kwa hiyo mkisema "nitajenga", niambieni mtampangisha nani.

Halafu mnaongea kama daktari kuwa na shughuli ya pembeni ni jambo la asili. Sisi tulikuwa kazini wakati wa Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi ya mwaka 1967 yalikataza mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1977 ikaja sheria iliyofunga hospitali binafsi za biashara, zikabaki za serikali na za mashirika ya dini kama Ndanda na Nyangao. Mpaka 1991 ndipo binafsi ziliporuhusiwa tena. Daktari wa zama zile hakuwa na haja ya kupanga fedha, hapakuwa na cha kupanga. Alikaa Liwale kwa sababu barua ilisema Liwale. Sisemi ilikuwa vizuri. Wengine waliondoka nchini wasirudi. Nasema tu kwamba kukaa kwa amri tulishakujaribu.

Mkulima, Kitangari

Mimi si mtumishi, lakini mnaongelea wilaya yangu, acha niseme.

Cha kwanza, huyo daktari wa kufutiwa deni tutamwona saa ngapi? Mke wa kaka yangu alijifungulia hospitali, usiku ule daktari wa upasuaji alitafutwa mpaka akapatikana kwenye dispensari ya mtu binafsi. Alikuja, akafanya kazi nzuri, Mungu ambariki. Ila alikuja kutoka kazi nyingine. Akifutiwa deni ataacha, au ataendelea kwa kuwa ameshazoea?

Cha pili, na hapa nitawaudhi. Kangomba. Kuanzia Machi mpaka Agosti mkulima hana kitu. Ada imefika, salfa ya kupulizia ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho inatakiwa, mgonjwa yumo ndani. Anakuja mtu mwenye mshahara anakupa hela, makubaliano ni kwamba msimu ukifunguliwa Oktoba unampa korosho kwa bei ambayo ukiipiga hesabu unalia. Kisha yeye anazipitisha chama cha msingi cha ushirika kwa jina la shamba la shemeji yake na analipwa bei ya mnada. Serikali imepiga marufuku, imekamata watu, bado ipo. Na wenye mshahara wilaya hii ni walimu, watendaji, na nyie wa hospitali. Sisemi wote.

Mtu huyo amekaa miaka 7? Amekaa. Anatujua? Anatujua sana. Ndiye mnataka afutiwe deni?

Mtoa mada

Mzee, hilo la kangomba limenichoma, sitalizunguka. Lipo. Niliambiwa mwaka wangu wa kwanza, tena kama ushauri mwema: "dokta, usihangaike na hatifungani, kuikopesha serikali kwa riba, hela iko kwa wakulima." Anayefanya hivyo si wa kusamehewa deni, ni wa kufikishwa mahakamani.

Ila sikubali la dispensari lipite hivyo. Zamu ya kuitwa usiku ina posho, na posho hiyo inatoka kwenye mapato ya hospitali. Dawa zikiisha na mapato yakishuka, inachelewa. Dispensari ya mtu inalipa leo. Nipe sababu ya kubaki kituoni na nitabaki.

Daktari bingwa, Mtwara mjini

Mmeongea fedha tupu mkasahau kazi yenyewe. Kijana wa miaka 27 Newala hajiulizi tu atabaki na shilingi ngapi. Anajiulizia ubingwa. Ni miaka 3 mingine, Muhimbili au KCMC au Bugando au Dodoma. Bingwa anastaafu kwa lazima akiwa na 65, mtumishi wa kawaida 60. Hiyo ni miaka 5 zaidi ya mshahara mkubwa kuliko wote aliowahi kupata, na kikokotoo cha pensheni kinahesabu miezi ya utumishi na wastani wa mishahara mikubwa. Kila mwaka anaochelewa kwenda kusoma, anautoa kwenye mwisho wenye neema.

Sasa mtoa mada unamwambia akae miaka 7 kwanza. Ataingia ubingwa na 34, atoke na 37, mke, watoto, mkopo wa mwenzetu wa Masasi juu. Wengi hawatakwenda kabisa. Utakuwa umewapa Newala daktari wa kawaida kwa miaka 7 na umewanyima bingwa kwa miaka 28 iliyobaki.

Mimi nilifanya kinyume. Nilikaa wilayani muda mfupi, nikaenda kusoma, nikarudi kwa sababu hospitali ya kanda pale Mitengo ilifunguliwa na kulikuwa na mahali pa kufanyia nilichosomea. Kabla ya hapo bingwa aliyerudi Kusini alikuwa na hospitali za mkoa, Ligula ya Mtwara na Sokoine ya Lindi, na hospitali za misheni, basi. Siku hizi mabingwa wanazungushwa halmashauri kwa kambi za wiki moja, wanaitwa madaktari bingwa wa Mama Samia. Wananchi wanajaa tangu alfajiri. Wiki ikiisha, aliyefanyiwa upasuaji anabaki na nani wa kumwangalia kidonda? Anabaki na wewe mtoa mada.

Hoja yangu: anayekubali kurudi Kusini ndiye afutiwe, si anayekubali kutokwenda popote.

Muuguzi, Nachingwea

Bingwa umesema vizuri, ila naona mnagawana keki na mimi nimesimama mlangoni nimeshika sahani.

Daktari wa saba ninayemkumbuka ametangaza juzi anatafuta wa kubadilishana naye, "kutoka Nachingwea kwenda Dar es Salaam au Pwani, Kibaha pia sawa". Wauguzi tupo wale wale. Mzazi akipata kifafa cha mimba saa nane usiku, dawa ya kwanza nachoma mimi, daktari anakuta shinikizo limeanza kushuka. Na mimi nilisoma shahada kwa mkopo wa Bodi, nakatwa 15 ile ile kwa mshahara mdogo kuliko wenu. Mwalimu wa hisabati wa kata anakatwa 15. Mnawafuta madaktari peke yao kwa sababu gani? Kwa sababu ninyi mna mahali pa kukimbilia na sisi hatuna? Basi zawadi inaenda kwa anayetishia kuondoka.

Afisa mikopo, Masasi

Dada umemaliza. Mimi niongeze la ufundi tu, maana naona mtoa mada ananyamaza.

Kama lazima kuwe na msamaha, usiwe wa kila mwezi. Makato yaendelee kama kawaida, na akitimiza muda, kile alichokatwa arudishiwe kwa mkupuo. Kwa mfano wangu wa 225,000, tuseme miaka iwe 5 badala ya 7, ni 13,500,000. Hapo benki haiwezi kukopesha juu ya hela ambayo bado haijaja, na yeye ana sababu ya kubaki ambayo inakua kila mwezi. Milioni 13 na nusu ukiziweka hatifungani za serikali za muda mrefu, ambazo unaanza na milioni 1 tu na riba yake haikatwi kodi ya zuio, au UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama hutaki kusumbuka na minada, huyo ni mtu mwingine. Anaweza kwenda ubingwa bila kuniona mimi.

Naongea kinyume na ajira yangu hapa. Msiniulize tawi gani.

Mstaafu, Lindi mjini

Mkupuo! Mwanangu, neno hilo tulilisikia. Mkupuo wa pensheni wengine waliahidiwa asilimia 50, kanuni za 2018 zikaja na 25, watu wakapiga kelele, mwaka 2022 ikawa 33, na 2024 ikapanda tena kidogo. Kijana wa leo aamini vipi ahadi ya kulipwa baada ya miaka 5?

Mtoa mada

Nimewasoma wote, sikuwa nimenyamaza, nilikuwa zamu.

Nabadilisha pendekezo kwa sehemu. Kurudishiwa kwa mkupuo nakubali, ila miaka iwe 4, na ilipwe nusu mwaka wa pili, nusu mwaka wa nne, kwa sababu ya hofu ya mzee. Muuguzi na mtabibu waingie, kigezo kiwe kituo na si kada. Miaka ya masomo ya ubingwa isihesabiwe kama miaka ya kukaa, lakini isifute iliyokwisha kukaliwa.

Ambacho sikikubali ni kusema anayetishia kuondoka asisikilizwe. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar pale Somanga, rufaa ya Muhimbili kwa gari ilikuwa ndoto. Aliyekuwepo wilayani ndiye aliyefanya. Siku zile hakuna aliyeniuliza kwa nini nadai zaidi.

Mkulima, Kitangari

Na wa kangomba je? Umempita.

Mtoa mada

Akipatikana na hatia, anapoteza yote na deni linarudi.

Mkulima, Kitangari

Nani atamtaja? Mimi nimtaje, halafu Machi mtoto akiugua nimpeleke kwa nani?

Muuguzi, Nachingwea

Swali jingine kabla hatujalala. Nani atathibitisha kwamba mtu amekaa? Kuna watu cheki namba yao ya mshahara inasoma halmashauri ya huku na wao wenyewe tunawaona kwenye picha za harusi Dar kila Jumamosi. Mkisema mganga mkuu wa wilaya ndiye asaini, huyo naye kaomba uhamisho.